Afya Nyumbani: Kidonge Kisichopaswa Kukatwa

Mwalimu mmoja wa kandokando ya Ziwa, upande wa Mbamba Bay, ametuletea swali ambalo twaona yafaa lijibiwe mbele ya watu wote, maana nyumba nyingi zafanya kama ilivyofanya nyumba yake. Mama yake mzazi ana shinikizo la damu, ambalo wengi twaliita presha, naye alipewa vidonge vya mwezi mmoja. Fedha za kahawa kutoka kwa ndugu zao wa milimani Mbinga zilikuwa hazijafika bado. Basi mwalimu akatwaa wembe, akakata kila kidonge nusu kwa nusu, ili dawa ya mwezi mmoja itoshe miezi miwili. Mama akaona vipande vile vyamkwaruza koo, akawa anavitafuna kwanza ndipo ameze. Siku ya tatu, alipoinuka kitini asubuhi, kizunguzungu kikamshika, akaanguka mlangoni. Mwalimu auliza: "Je, nusu ya dawa yaweza kumzidi nguvu mtu aliyezoea nzima?"

Ndugu mwalimu, yaweza.

Twajua ulikojifunza kukata vidonge. Ni shuleni, siku ya dawa ya kichocho, maradhi ambayo sisi wa Ziwa Nyasa twayafahamu tangu utoto. Mtoto husimamishwa penye mti wa kupimia urefu. Akiwa kati ya sentimita 110 na 125 hupewa kidonge kimoja na nusu cha prazikwanteli, akizidi hapo hata 138 hupewa viwili. Nusu ile hukatwa kwa halali. Dawa ile hutolewa mara moja, nayo huyeyuka yote tumboni. Ukiikata hukuharibu kitu, ila utauona uchungu wake ulimini. Mkono uliozoea kazi hiyo hudhani vidonge vyote ni sawa, wala haulaumiki.

Lakini viko vidonge vya namna nyingine, vilivyotengenezwa ili vitoe dawa polepole, saa 12 au hata siku nzima. Aina hii ilianza kuuzwa huko Marekani mwaka 1952, katika vifuko vilivyojaa chembe ndogo zilizopakwa nta, na tangu hapo mafundi wamebuni njia nyingi. Kingine dawa yake imechanganywa na kitu kinachovimba kwa maji na kuwa kama ute mzito, dawa ikapenya kidogo kidogo. Kingine kina ganda gumu lenye tundu dogo mno, maji yaingiapo husukuma dawa nje kwa tundu lile. (Ganda hilo huweza kutoka chooni likiwa zima. Wako waliolia kwamba dawa imepita bure. Haikupita bure, ni ganda tupu tu.)

Wamatengo wataelewa upesi kuliko wengine. Shamba la ngoro ni mashimo yenye matuta pande zote nne, juu ya mteremko mkali. Mvua ijapo hukaa shimoni, ikanywewa na udongo polepole, na maharage yakastawi. Sasa chukua jembe ukate tuta moja wakati shimo limejaa: maji yote yatateremka kwa mara moja, na udongo pamoja nayo, jua likitoka shimo ni kavu. Ndivyo ilivyo kwa kidonge cha polepole kilichokatwa, na zaidi kilichotafunwa au kutwangwa na kutiwa katika uji. Dawa iliyowekwa kwa siku nzima hujimwaga ndani ya damu kwa muda mfupi. Presha huanguka, kichwa huzunguka, moyo hupiga mbio. Kisha usiku dawa imekwisha, na presha yapanda tena pasipo mtu kujua. Hivyo mgonjwa huumizwa mara mbili kwa kidonge kimoja.

Jambo hili si la kubahatisha. Nifedipine, dawa ya presha ijulikanayo sana, iko ya haraka na iko ya polepole. Zamani waganga wenyewe, walipoona presha imepanda mno, walimpa mgonjwa ile ya haraka aitafune au aiweke chini ya ulimi. Presha ilishuka kweli, lakini kama mtu aangukaye kutoka mtini; wengine walipatwa na kiharusi, wengine moyo ulikosa damu. Mwaka 1996 waganga waliandika katika jarida la chama cha waganga wa Marekani wakitaka desturi ile ikomeshwe. Nasi tunapotafuna kidonge cha polepole twairudisha desturi ile ile nyumbani mwetu.

Utakitambuaje? Tazama jina juu ya boksi. Zikifuata herufi SR, XR, ER, MR, CR au LA, au neno Retard, ujue ni cha polepole. Si vya presha tu. Viko vya kisukari, vya kifafa, vya pumu na vya maumivu. Taabu ni kwamba mara nyingi twapewa vidonge katika bahasha ndogo, au kipande cha karatasi ya vidonge kilichokatwa kwa mkasi, na herufi zimebaki dukani. Mkoa wetu wa Ruvuma ndiko maduka ya dawa muhimu yalikoanza mwaka 2003, nao wauzaji wake hufundishwa kazi. Basi usione haya kumwomba muuzaji akuandikie jina lote pamoja na herufi zake.

Wala mstari katikati ya kidonge usikudanganye. Viko vya polepole vyenye mstari ambavyo huruhusiwa kugawanywa hapo, kama vile metoprolol ya namna fulani, lakini hata hivyo havitafunwi. Tena iko amlodipine, ambayo hudumu mwilini zaidi ya siku moja kwa tabia yake yenyewe, si kwa ufundi wa kidonge. Hiyo mganga akiagiza nusu, yakatwa bila hatari. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Uliza.

Nasi hatukusahau sababu ya wembe, yaani fedha. Mwambie mganga waziwazi: "Mpaka kahawa iuzwe sina uwezo wa dawa hii." Si aibu. Mara nyingi iko dawa nyingine ya bei ndogo, au ya kawaida inayomezwa mara mbili au tatu kwa siku. Na mgonjwa ambaye koo lake halipitishi kidonge, kama aliyepata kiharusi, aombewe dawa ya maji au ya aina nyingine. Lakini kuacha dawa ghafla kwa kuogopa habari hizi ni kosa la pili.

Mwalimu wetu tulimjibu mapema kwa barua, asingoje gazeti. Akampeleka mama kupimwa pamoja na boksi na vile vipande vyote, maana tulimwonya asivitupe ziwani. Mama amebadilishiwa dawa. Mfupa haukuvunjika, ila kiwiko kimevimba kidogo. Wembe, asema, umerudi darasani kuchongea penseli.