Bei ya Trekta la Karanga

Ikiwa marehemu baba yenu amewaachia trekta la enzi za mradi wa karanga wa Nachingwea, uliovunjwa mwaka 1951, msikimbilie mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Yeye hupima kilo tu. Mkusanyaji wa mitambo ya kale hulipia jina la kiwanda na namba iliyogongwa kwenye chuma. Sugua kutu taratibu, uinakili. Jaribu kuzungusha injini: iliyokwama hushusha bei. Na usipake rangi! Hupendwa ile ya kiwandani, hata ikiwa imepauka.

Minada ya Uingereza huuza matrekta ya miaka hiyo. Lakini nauli ya meli kutoka Mtwara, bandari iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo hizo, atalipa nani? Patana na mnunuzi kwanza, kwa maandishi.