BABA AMERUDI VITANI: TUMFAHAMU KABLA YA KUMHUKUMU

Kila mwaka ifikapo Julai 25, taifa letu huwakumbuka mashujaa waliokufa vitani. Hilo ni jambo jema. Lakini wapo waliorudi wakiwa hai, na hao mara nyingi husahauliwa na watu walio karibu nao zaidi. Katika makala hii tunakusudia kuzungumza juu ya mzazi aliyerudi vitani, na mwenendo wake nyumbani ambao watoto, majirani na hata sisi wa msikitini huuona kuwa ni wa ajabu.

Ndugu zetu wa Musoma, Bunda na Butiama, jambo hili si geni kwetu. Mkoa wa Mara umetoa askari tangu zama za KAR. Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliingia katika jeshi hilo la mkoloni mwaka 1942, akaongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Kagera, na akafariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Nyuma ya jina hilo mashuhuri wapo wengi ambao majina yao hayajulikani nje ya vijiji vyao. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi letu lilikuzwa kutoka watu wapatao 40,000 hadi zaidi ya 150,000, wakiwemo mgambo wapatao 40,000. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Vita vilipokwisha, mgambo walirudi kwenye majembe na nyavu zao, na ilitarajiwa kwamba mambo yamekwisha.

Wala hizi si habari za wazee peke yao. Julai 2013 askari 7 wa Tanzania waliuawa Darfur. Desemba 7, 2017, kule Semuliki, mashariki ya Kongo, kambi ya walinda amani ilishambuliwa usiku, na askari wetu wasiopungua 14 wakauawa. Wenzao waliokuwa pamoja nao walirudi nyumbani, na wana watoto.

Mwenendo tunaouzungumzia ni huu. Baba hakai ila mgongo wake uwe ukutani na macho yake mlangoni. Usiku huamka mara tatu au nne kukagua makomeo. Hula upesi kama anayefukuzwa. Radi ikipasuka juu ya ziwa na mvua ikaanza kupiga bati, hunyamaza na jasho likamtoka. Akiulizwa habari za vita, huondoka. Akiamshwa kwa kutikiswa, huinua mkono kabla hajafumbua macho vizuri. Huweza kucheka na wageni, kisha akakaa siku mbili bila kusema na wanawe.

Watu hulitolea hukumu haraka. Wako wasemao ana jini, na wako wasemao amerogwa na wenziwe. Watoto husema baba hatupendi. Na wapo miongoni mwetu wasemao imani yake ni dhaifu, kwani mwenye kumkumbuka Mola wake vipi moyo wake usitulie?

Tunasema kwamba hukumu hizi zote zimekosea mahali pa kuanzia. Mambo anayoyafanya nyumbani ndiyo yaliyomweka hai kule alikokuwa. Aliyelala usingizi mzito hakuamka. Aliyeupuuza mlio wa kwanza hakuusikia wa pili. Mwili wake ulifundishwa kutahadhari kwa miezi mingi, na mafunzo hayo hayafutiki kwa barua ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Mzee aliyesikia makombora ya Saba Saba mwaka 1979 hakuchagua kushtushwa na radi. Moyo wake hupiga mbio kabla akili haijapata nafasi ya kumwambia kwamba yuko Bunda.

Sheria yetu imelizingatia jambo hili tangu mwanzo. Katika Suratun Nisaa, aya ya 102, imewekwa swala ya khofu: kundi moja huswali na jingine hulinda, kisha hubadilishana, na silaha haziachwi mbali. Mola wetu hakumtaka mpiganaji ajifanye hana hatari nyuma yake. Basi vipi sisi tumkaripie mzee anayependa kuswali pembeni mwa safu, karibu na ukuta au mlango? Safu na zikamilishwe, lakini pembe ile aachiwe yeye.

Wala elimu ya maradhi ya nafsi si bidaa iliyotoka Ulaya. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza ndani yake khofu, hasira, huzuni na waswasi kuwa ni maradhi yenye sababu na tiba. Matabibu wa Marekani waliliingiza rasmi jeraha hili la kiwewe katika orodha yao ya maradhi mwaka 1980, yaani mwaka mmoja baada ya askari wetu kuiteka Kampala. Wazee wetu walirudi na maradhi ambayo hata waganga wakubwa wa dunia walikuwa hawajaafikiana jina lake. Leo jina lipo na tiba ipo, na hatuna udhuru.

Kwa hiyo tunanasihi yafuatayo.

Kwanza, asiamshwe kwa kuguswa. Aitwe kwa salamu kutoka mlangoni. Suratun Nur, aya ya 58, imewafunza watoto kuomba ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya alfajiri, adhuhuri na baada ya isha. Adabu hii katika nyumba ya askari ni heshima na ni kinga pia.

Pili, asilazimishwe kusimulia. Akitaka kusema asikilizwe, na akinyamaza asihesabiwe kuwa ana kiburi.

Tatu, vijana wetu wasiwashe fataki za Idi karibu na nyumba yake. Furaha ya Idi haikamiliki kwa kumtia jirani hofu.

Nne, asipelekwe kwa mwenye kuuza hirizi. Asomewe Qur'an na aombewe dua, na pamoja na hayo apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa pale Musoma, na ikibidi Bugando, Mwanza. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Anayekwenda kwa daktari hakuacha kumtegemea Mola wake.

Hata hivyo, kumfahamu si kumwachia kila kitu. Kukagua mlango ni mazoea, na hayamdhuru mtu. Kumpiga mke, kuwatisha watoto kwa panga au kuzamia katika pombe ni dhulma, na vita haviwi hoja ya kuihalalisha. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake, na akavua vita vya jihadi peke yake. Aliyejua vita kuliko sisi sote hakuviingiza nyumbani kwake. Mke anayepigwa asiambiwe avumilie kwa kuwa mumewe ni shujaa. Imamu na wazee wa familia waingilie mapema, mke na watoto wahifadhiwe, na mgonjwa apelekwe kutibiwa.

Na nyinyi vijana, Suratul Israa imewakataza hata kuguna mbele ya mzazi aliyefikia uzee. Haikumvua mzazi mgumu, wala mzazi mwenye kukaa kimya. Kumwekea baba kiti chake ukutani kabla hajaingia sebuleni ni jambo dogo, lakini ni katika wema mlioamrishwa.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape utulivu wazee wetu na wanajeshi wetu, wake kwa waume, na azihifadhi nyumba zao. Wabillahi tawfiq.