Mhariri wa Video ni Mtunzi: Hoja kutoka Mtaa wa Fedha

Imekuwa desturi miongoni mwa wahakiki wetu wa fasihi simulizi kuuchambua wimbo wa vijana kwa kunakili maneno yake, kuyapanga katika beti, kisha kuyahukumu: ama yana maadili, ama hayana. Video iliyoubeba wimbo huo hutajwa kwa sentensi moja, na aliyeihariri hatajwi kabisa. Makala hii inapinga desturi hiyo. Tunadai kwamba mhariri wa video ya chipukizi ni mtunzi, na kwamba uhakiki unaompuuza huchambua nusu ya matini na kuiita matini kamili.

Tuitazame kazi yenyewe. Chukua mfano wa kijana wa mtaa wa Fedha, Embakasi, anayehariri chumbani mwake video ya marafiki zake iliyopigwa kwa simu juu ya paa la ghorofa. Anapokea vipande ambavyo havikupigwa kwa mfuatano. Anavilinganisha na mdundo. Anaamua uso wa nani uonekane neno fulani linapotamkwa, na kicheko cha nani kikatwe. Mkato unaoangukia kituo cha ubeti na mkato unaotangulia kituo hicho kwa nusu pigo havizai maana moja. Sisi tuliofunzwa kuhesabu mizani tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona hilo.

Hatimaye kijana huyo hurenda, yaani huiamuru kompyuta ikokotoe kila picha na kuziunganisha zote ziwe faili moja. Wimbo wa dakika 3, kwa picha 25 kila sekunde, una picha 4,500. Kompyuta ikiwa dhaifu, kazi hiyo huweza kuchukua saa nyingi, na umeme ukikatika huenda ikabidi aanze upya. Kwa hiyo hupunguza mapambo, na uhaba wa kifaa huwa sehemu ya mtindo. Faili ikipelekwa YouTube hubanwa tena. Ubanaji huo huhifadhi hasa tofauti baina ya picha moja na inayofuata. Ndiyo maana uchezaji wa kasi gizani huelekea kuvunjika kuwa miraba. Mhakiki asiyelijua hili atasema kwamba mtunzi alikusudia ukungu, au kwamba hajui kazi. Kumbe amesoma nakala iliyochakaa akidhani ni mswada.

M. M. Mulokozi, katika Mulika namba 21 ya mwaka 1989, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, ambamo fanani, hadhira, mahali na wakati hukutana. Itasemwa kwamba tukio likisharekodiwa na kukatwakatwa si tukio tena. Basi na tuulize: Muyaka wa Mombasa tunamsomaje? Tungo zake zimetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walizikusanya, na William Hichens akazichapisha mwaka 1940. Hakuna msomi makini anayezisoma bila kuuliza mkono wa wahariri hao umefanya nini. Kwa nini swali lililo halali kuhusu mswada liwe la kipuuzi kuhusu video?

Jambo hili si la nadharia tupu. Lamba Lolo ya kundi la Ethic kutoka Umoja, mtaa mwingine wa Eastlands, ilipotoka mwaka 2018 iliifungulia njia gengetone kwa video isiyo na mapambo ya studio kubwa. Mwaka 2019 wimbo mwingine wa kundi hilo, Tarimbo, uliondolewa YouTube baada ya kulaumiwa kwamba unachochea ukatili wa kingono dhidi ya wanawake. Hatuutetei wimbo huo. Lawama ile ilikuwa nzito na ya haki. Lakini hata anayelaani anahitaji matini ya kulaani. Mhakiki ambaye hakuhifadhi nakala hubaki akihukumu uvumi.

Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi simulizi ya Afrika ipewe nafasi ya msingi. Hoja yao ilikuwa kwamba tuanze na kilicho karibu nasi. Fedha ni karibu. Tunapendekeza, basi, kwamba kila tasnifu inayohusu wimbo wa video imtaje mhariri pale anapokubali kutajwa, ionyeshe ni nakala ipi iliyotazamwa na lini, na iweke faili katika maktaba ya idara, pamoja na vipande vilivyoachwa vinapopatikana. Diski ya kijana ikijaa, yeye hufuta vipande hivyo ili apate nafasi ya wimbo unaofuata. Hatuwezi kumlaumu: si kazi yake kuwa maktaba. Ni yetu.