Mtoto wa Nyarugusu naye apelekwe gulioni

Wadau, leo naomba tuongelee jambo ambalo kwa mtu wa Dar au Mwanza linaweza kuonekana dogo mno kuandikiwa makala: kumtoa mtoto matembezini, na kukaa naye chini kula.

Sisi wa mjini tumelizoea. Jumapili jioni vijana wenzangu walioanza kupata watoto wanajazana Coco Beach, mtoto mabegani, mihogo ya kukaanga na pilipili mkononi. Asiye na nauli anamshika mwanae mkono mpaka kwa muuza chipsi wa mtaani. Tunaita starehe, lakini mimi naona ni darasa. Pale mtoto anajifunza kuamkia wakubwa. Anajua kuwa kila kitu kina bei, anamwona baba akiomba apunguziwe, anajifunza kusubiri chakula na kumega kipande ampe mdogo wake. Chekechea gani inafundisha hayo yote kwa jioni moja?

Sasa twende Kigoma, kwenye barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo. Ukishapita Makere hauko mbali na Nyarugusu. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996, kwa ajili ya watu waliokimbia vita ya Kongo, wengi wao kutoka Kivu ya Kusini. Mwaka 2015 Burundi ilipochafuka, ikapokea makumi ya maelfu ya Warundi na kuwa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani. Fanya hesabu kidogo. Mtoto aliyezaliwa pale kambi ilipoanza, leo ni mtu mzima, na huenda ana mtoto anayetembea. Yaani tunaongelea kizazi cha pili na cha tatu.

Jiulize, baba huyo anampeleka wapi mwanae?

Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi awe na kibali akitaka kutoka eneo alilopangiwa. Kwa miaka mingi mpaka uliozoeleka umekuwa kilomita 4. Kwa hiyo matembezi ya familia yanabaki bombani, zahanati, kanisani au msikitini, na kituo cha mgao siku ya posho. Mama akitoka nje ya kambi, mara nyingi anafuata kuni, na hayo si matembezi ambayo mzazi anatamani kwenda na mtoto, maana wanawake wengi wamekumbwa na mabaya huko porini.

Palikuwa na jambo moja lililofanana na Coco Beach yetu: soko la pamoja. Kwenye kambi za Kigoma masoko haya yaliwakutanisha wakimbizi na wanavijiji wa Kiha. Muha alileta muhogo, ndizi na mboga. Mkongo alileta kitenge, sabuni, au sehemu ya unga wake wa mahindi. Tusishangae kwa nini auze unga wa msaada. Mtu wa Kivu amekulia ugali wa muhogo, sombe na ndagala, yaani kisamvu na dagaa kwa lugha yetu. Akipewa mahindi mwezi mzima, anauza kidogo ili walau siku moja watoto waonje chakula cha kwao. Na ndivyo mtoto aliyezaliwa Kasulu anavyoijua Kongo, kwa kuila. Hajawahi kuiona.

Kuanzia mwaka 2018 Serikali ilianza kuyabana masoko hayo na mengine kuyafunga. Kabla ya hapo, mwaka 2017, ilikwishasitisha mpango wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani uliokuwa ukiwapa baadhi ya familia za Nyarugusu fedha taslimu wajinunulie chakula wenyewe. Halafu mgao nao ukapungua. Mwezi Juni 2023, kwa uhaba wa fedha za wafadhili, ulishushwa hadi asilimia 50 ya kiwango kamili, na kiwango hicho kamili ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Tafsiri yake jikoni ni rahisi. Sufuria iliyokuwa ikipikwa mara mbili inapikwa mara moja. Wakubwa wanasingizia wameshiba ili wadogo wapate. Kula pamoja kunakuwa kila mmoja kuchungulia tonge la mwenzake.

Nawaelewa wanaoitetea Serikali. Tanzania imebeba mzigo huu kwa miongo mingi huku mataifa tajiri yakituachia ahadi. Misitu ya Kasulu na Kibondo imekatwa kweli. Silaha na ujambazi mipakani si hadithi za kutunga. Na mwenye nyumba ana haki ya kuuliza mgeni ataondoka lini.

Lakini kumzuia baba asinunue muhogo kunarudisha msitu upi? Jambazi hasubiri gulio. Na anayedhani kuwa maisha yakibanwa watu watarudi kwao wenyewe, aangalie Kivu ya Kusini ilivyo: mwezi Februari 2025 mji wa Bukavu uliingia mikononi mwa M23, na Desemba mwaka huo huo wapiganaji hao wakaingia Uvira. Huko ndiko tunakotaka mama arudi na mtoto mgongoni kwa sababu hapa tumemfungia soko?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tumekaa naye tangu 1996, jembe tumemnyima, halafu tunalalamika kuwa anakula bure! Na si kwamba hatujui kugawa jembe. Miaka ya 1970 tuliwapokea Warundi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, tukawapa mashamba. Walilima wakajilisha, wakauza na ziada. Watoto wao walikwenda shambani na gulioni na wazazi wao kama mtoto yeyote wa Mpanda au Urambo. Miaka mingi baadaye zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo walipewa uraia. Nchi haikuanguka.

Sidai kila mkimbizi apewe uraia kesho asubuhi. Hoja yangu ni ndogo na haina gharama kubwa: masoko ya pamoja yaendeshwe kwa uhuru, kwa siku zinazojulikana, chini ya ulinzi na ushuru wa halmashauri. Na familia yenye mtoto mdogo isisumbuliwe kupata kibali cha kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Halmashauri itapata mapato. Mkulima wa Makere atapata mteja wa muhogo wake, kwani naye alifungiwa soko, ingawa hakuna anayemhesabu.

Na mtoto atamwona baba yake akichagua. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote. Mtoto anayemwona baba siku zote yuko kwenye foleni, anapimiwa unga na kuweka dole gumba, anajifunza kuwa baba ni mtu wa kupewa. Mtoto anayemwona baba akipima mafungu ya dagaa kwa macho, akibishana na muuzaji, akicheka na kuondoka na fungu kubwa, anajifunza kitu kingine kabisa. Jioni ile ile wakila, anajua chakula kimetoka wapi na nani amekitafuta.

Siku akirudi Kongo, au akibaki kwetu, tungependa tuwe tumemlea yupi kati ya hao wawili?

Naomba kuwasilisha.