Kubonyeza Kitufe Si Kuandika Herufi

Mtu aliyezoea kuandika Kiswahili kwa kompyuta hudhani kwamba kubonyeza kitufe na kuandika herufi ni jambo moja. Abonyezapo k, huiona k. Dhana hiyo ndiyo mzizi wa kosa ambalo watungaji wa programu wamelirudia kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu halina udhuru.

Kijapani hutumia, pamoja na maandishi mengine, alama ziitwazo kanji. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, tangu mwaka 2010, ina alama 2,136. Hakuna kibodi ya kawaida iwezayo kuzibeba. Kwa hiyo mwandishi huandika matamshi tu, mara nyingi kwa herufi za Kirumi, na programu maalumu huyageuza kuwa kanji. Mashine ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa, JW-10 ya kampuni ya Toshiba, ilitangazwa mwaka 1978, kwa bei ya yen 6,300,000.

Ugumu u katika maneno yenye sauti moja. Mjapani aandikapo kisha (kwetu ni neno la kuunganishia habari tu) aweza kukusudia mwandishi wa habari, gari la moshi, kampuni yenu, au kurudi ofisini. Hubonyeza kitufe cha nafasi ili aletewe maneno ya kuchagua, na akilipata alitakalo hulithibitisha kwa Enter.

Hapo ndipo kosa hutokea. Programu ya kupelekeana ujumbe, iliyotungwa na mtu asiyejua haya, huona Enter imebonyezwa, nayo hupeleka ujumbe papo hapo. Nusu ya sentensi imekwisha kumfikia mkuu wa kazi! Dawa yake si siri. Programu za kufungulia kurasa za intaneti hutoa ishara kwamba neno bado linatungwa, na wakati huo kwa kawaida hukitaja kitufe kwa namba 229 badala ya 13, ambayo ni ya Enter. Kuikagua ishara hiyo ni kazi ya mstari mmoja au miwili.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo sikufundishwa jambo hili hata siku moja. Nililijua kwa kulalamikiwa na Mjapani aliyetumia programu niliyoitunga mwenyewe. Walimu wa sekondari waweza kuanza mapema zaidi. Kuiwezesha kompyuta ya kawaida kuandika Kijapani hakuhitaji kununua kibodi nyingine, na mwanafunzi akiijaribu programu yake kwa neno kisha, kosa, kama lipo, litajitokeza mara moja.