Ngoma Haina Sura Moja

Juzi kijiweni Mtaa wa Kongo mshikaji mmoja katoa mpya: "Mimi ninao, demu wangu anao, sasa kondomu ya nini?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mie sikucheka.

Wapenzi wasomaji, kirusi hiki kina koo zake. Hapa Dar wataalamu wamekuta aina A, C na D, pamoja na machotara yao. Zote mlango wao ni mmoja: chembe nyeupe ya damu, askari wetu. Kirusi kinanasa kwanza kwenye kufuli liitwalo CD4, halafu kinatafuta la pili, mara nyingi CCR5. Yakifunguka yote, kimo ndani, kinazaana.

Sasa tuseme wewe una A, mwenzio ana D. Utafiti uliotolewa mwaka 2006 kuhusu akina mama wa hapa Dar ulionyesha D inamdhoofisha mtu haraka kuliko A. Mkigawiana, zinaweza kuzaa chotara mwilini, au ukapewa kirusi sugu kwa dawa.

Mshikaji, meza dawa kila siku, zinazibana aina zote. Na kondomu haichagui herufi. Vaa!