Mabweni Yasikae Bure Wakati wa Likizo

Mwalimu anayekwenda makao makuu ya wilaya kufuatilia madai yake hufika jioni, ofisi zikiwa zimekwisha kufungwa. Hana budi kulala. Safari ya namna hii mara nyingi hufanywa kwa fedha za mfukoni, na nyumba ya wageni ya bei ndogo humpa kitanda huku ikimnyima maji, chandarua kizima na mlango unaofungika.

Kasoro hiyo haitokani na unafuu wa bei. Hoteli iliyofunguliwa Osaka, Japani, mwaka 1979 ilimkodisha mgeni kijumba cha kulala chenye urefu wa mita mbili hivi, na upana na kimo cha takriban mita moja. Kilichopunguzwa hapo ni nafasi, si usafi.

Lakini mfano unaowafaa zaidi walimu ulitolewa na mwalimu mwenzao. Mwezi Agosti 1909, Richard Schirrmann wa Altena, Ujerumani, alikuwa katika matembezi ya siku kadhaa pamoja na wanafunzi wake walipokumbwa na dhoruba. Wakajihifadhi katika jengo la shule. Darasa likageuka chumba cha kulala, majani makavu yakawa magodoro. Hapo ndipo Schirrmann alipopata wazo: shule hukaa tupu wakati wa likizo, basi kwa nini zisipokee wasafiri? Mwaka 1912 hosteli ya kudumu ikafunguliwa katika ngome ya Altena, yenye vitanda vya mbao vilivyopandana, na utaratibu huo ukaenea duniani.

Tanzania ina mabweni mengi, na vijana wa UMISSETA hulazwa mashuleni wakati wa michezo yao. Kwa hiyo jambo lenyewe si geni. Kinachokosekana ni kibali cha kumpokea msafiri mmoja mmoja.

Watakuwapo watakaosema kwamba wageni wataharibu mali ya shule. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, hasa pombe ikiingia. Pombe ipigwe marufuku, wanawake watengewe jengo lao, na shule yenye wanafunzi waliobaki kambini isiguswe kabisa.

Wakuu wachache wa shule zilizo karibu na makao makuu ya wilaya waruhusiwe kuanza na bweni moja likizo ya Juni. Kinachohitajika ni kitabu cha wageni, stakabadhi, chandarua, maji na kufuli. Fedha itakayopatikana inunue magodoro kabla wanafunzi hawajarejea.